Sheria Iliyotungwa kwa Ajili ya Biblia, Ikawakinga Mashoga Pia

Omaha ni mji wa jimbo la Nebraska, katikati kabisa ya Marekani. Kutoka hapo hadi bahari iliyo karibu ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo shule ya sekondari ya Westside mjini humo ilikuwa na klabu ya wanafunzi wapiga mbizi, na klabu ya sataranji, na nyingine kadha wa kadha. Mwanzoni mwa 1985 mwanafunzi mmoja, Bridget Mergens, alikwenda kwa mkuu wa shule kuomba aanzishe kikundi cha Wakristo: wasome Biblia, waombe pamoja, kisha kila mtu ashike njia yake. Akanyimwa. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 4 Juni 1990 majaji wanane kati ya tisa wakampa binti haki yake. Shule inayowapokea wapiga mbizi, ambao hawahusiani na somo lolote la darasani, haina sababu ya kuwafungia mlango wasoma Biblia.

Walokole walishangilia. Sidhani kama wengi wao walifikiri siku ile kwamba hukumu hiyohiyo ingekuja kusomwa mahakamani na mawakili wa wanafunzi mashoga.

Kwa msomaji wa huku kwetu kesi yenyewe inachekesha. Nani amewahi kumshtaki mkuu wa shule Tanzania ili vikundi vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA, TYCS au CASFETA vikutane? Kenya nayo, Christian Union ni sehemu ya maisha ya sekondari. Marekani mambo ni mengine. Mwaka 1962, na tena 1963, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku sala na usomaji wa Biblia unaoongozwa na shule za serikali. Hukumu zile zilimhusu mwalimu na shule, wala hazikumkataza mtoto kusali. Lakini wakuu wa shule wengi waliogopa kushtakiwa, wakaona heri kukataa kila chenye harufu ya dini. Watoto waliotaka kusali kabla ya kengele ya kwanza wakaambiwa wakasalie nyumbani.

Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ambayo makala haya yanaihusu, ileile iliyompa Bridget Mergens ushindi. Ronald Reagan aliitia saini tarehe 11 Agosti 1984. Nyuma ya sheria hiyo walikuwapo Mark Hatfield, seneta wa Oregon na Mbaptisti mwenye imani isiyofichwa, Jeremiah Denton wa Alabama, Mkatoliki, na wanasheria wa Kikristo waliokuwa wamechoka kuona vikundi vya sala vikifukuzwa. Orrin Hatch wa Utah naye aliiunga mkono. Sheria inasema hivi, kwa maneno yangu: shule ya sekondari ya serikali inayopokea fedha za serikali kuu, ikiruhusu hata klabu moja isiyohusiana na masomo, haiwezi kuinyima nyingine nafasi kwa sababu ya dini, siasa, falsafa au maudhui mengine ya mazungumzo yao. Hayo “maudhui mengine” ndiyo yaliyofungua mlango. Waliotunga sheria wangeweza kuandika dini peke yake, ila hapo wangeonekana wanapendelea dini, na mahakama ingewaangusha. Ili Biblia ipite, ilibidi mlango uachwe wazi kwa wote. Sheria ni msumeno.

Wakati ule Wakristo waliopiga kelele kuhusu ushoga shuleni hawakuwa wakimzungumzia mwanafunzi. Walimzungumzia mwalimu. Mwaka 1977 huko Miami, mwimbaji Anita Bryant, Mbaptisti aliyejulikana nchi nzima kwa matangazo ya juisi ya machungwa, aliongoza kampeni ya kufuta sheria ya kuwalinda mashoga dhidi ya ubaguzi, akidai anaokoa watoto. Akashinda kwa kura karibu 70 katika kila 100. Mwaka uliofuata California ilipigia kura pendekezo la kuwafukuza walimu mashoga. Likashindwa, na miongoni mwa waliolipinga alikuwamo Reagan yuleyule. Kwamba mtoto aliyekaa dawati la tatu angeweza kuwa shoga, na akawa pia mtoto wa mzee wa kanisa, ni jambo ambalo halikuzungumzwa.

Mtoto wa namna hiyo alikuwapo kweli. Kevin Jennings alizaliwa 1963, baba yake mhubiri wa Kibaptisti wa Kusini aliyehamahama kutoka kanisa hadi kanisa. Alipokua akawa mwalimu wa historia katika shule ya Concord Academy, Massachusetts, na mwaka 1988 yeye na wanafunzi wake wakaanzisha klabu ya wanafunzi mashoga na wenzao wasio mashoga, ambayo inatajwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Miaka miwili baadaye akaanzisha shirika la walimu lililokuja kuitwa GLSEN. Wahubiri waliomlaani kwa miaka mingi walikuwa, kwa namna fulani, wanamlaani mtoto wa nyumbani kwao.

Kwa nini watoto walitaka klabu hizo? Jibu moja liko kwenye jalada la kesi ya Jamie Nabozny wa Ashland, mji mdogo wa Wisconsin. Tangu darasa la saba wenzake walimpiga, walimkojolea, siku moja wakamwangusha darasani na kuigiza kumbaka huku wanafunzi wengine wakitazama na kucheka. Baadaye alipigwa mateke ya tumbo hadi akahitaji upasuaji. Wazazi wake walikwenda shuleni mara nyingi. Walichoambiwa, kwa kifupi, ni kwamba mtoto anayejionyesha hivyo ategemee hayo. Julai 1996 mahakama ya rufaa ikasema shule haiwezi kumlinda mtoto mmoja na kumwacha mwingine kwa sababu ya jinsi alivyo. Mwishoni mwa mwaka alilipwa zaidi ya dola 900,000.  Habari kama hiyo inamfanya mtu ajiulize kama mafundisho juu ya dhambi yanahitaji kweli mtoto apigwe teke tumboni.

Mwaka huohuo wa 1996 Utah ilikuwa inawaka moto. Wanafunzi wa East High, Salt Lake City, wakiongozwa na msichana aitwaye Kelli Peterson, waliomba klabu yao. Huo ni mji wa Wamormoni, ambao baadhi ya walokole hawawahesabu kuwa Wakristo wenzao, lakini katika hili walisimama mstari mmoja. Maseneta wa jimbo walijifungia kwenye kikao cha siri kulijadili suala hilo. Wanasheria wakaieleza bodi ya elimu ukweli mchungu: sheria ya 1984, ile aliyoiunga mkono seneta wao wenyewe, haikuruhusu kuizuia klabu moja tu. Ama zote, ama hakuna hata moja.

Tarehe 20 Februari 1996 bodi ikapiga kura, wanne kwa watatu: hakuna hata moja. Klabu zote za wanafunzi zisizohusiana na masomo zikafutwa katika sekondari za mji. Mamia ya wanafunzi wakatoka madarasani na kuandamana hadi jengo la bunge la jimbo. Wengi wao hawakuwa mashoga wala hawakuwa na habari na ushoga. Walikuwa wanalilia klabu zao. Kesi zikafuatana, na Septemba 2000 bodi ikafuta katazo lake. Miaka minne na ushee watoto wa mji mzima walikosa klabu ili wenzao wachache wasikae pamoja chumbani saa moja baada ya masomo. Kwa maoni yangu hakuna ukurasa wa historia hii unaotia aibu kuliko huo, na aibu yenyewe ni ya watu wazima.

Jimbo la Kentucky halikujifunza. Mwaka 2002, katika sekondari ya Boyd County, wanafunzi waliomba klabu kama hiyo. Wachungaji wakaitisha mikutano ya hadhara, na siku moja karibu nusu ya wanafunzi hawakuja shule. Uongozi ukatangaza kufuta klabu zote, ila kimyakimya baadhi zikaendelea kukutana, na mojawapo ilikuwa klabu ya Biblia. Kesi ikaangukia mikononi mwa Jaji David Bunning, Mkatoliki aliyeteuliwa na George W. Bush, na Aprili 2003 akaamuru klabu ya mashoga ipewe nafasi ileile. Huyu ndiye jaji ambaye mwaka 2015 alimpeleka rumande Kim Davis, karani wa Kentucky aliyegoma kutoa vyeti vya ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja.

Wakati huo mabishano yalikuwa yamehamia kwenye fulana. Tangu 1996, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia walipoanzisha Siku ya Ukimya, kila Aprili wanafunzi katika shule nyingi walikaa kutwa bila kusema, wakiwakumbuka wenzao walionyamazishwa kwa kuonewa. Mwaka 2004 huko Poway, karibu na San Diego, kijana Mkristo aitwaye Tyler Harper alikuja shuleni na fulana aliyoiandika kwa mkono, mgongoni ikitaja Warumi 1:27 na kuuita ushoga aibu. Akazuiwa kuingia darasani, akashtaki. Mahakama ya rufaa ya magharibi ilisema shule ilikuwa na haki ya kumzuia. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo kwa kuwa Harper alikwisha maliza shule. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Chicago, katika kesi nyingine ya fulana yenye maneno ya upole zaidi, ikampa haki mwanafunzi Mkristo. Kwa hiyo si kweli kwamba mahakama ziliwatupa Wakristo. Ziliwapa walichostahili, na mashoga nao wakapewa chao.

Mawakili wa Kikristo walijibu Siku ya Ukimya kwa kuanzisha Siku ya Ukweli mwaka 2005. Watoto wakapewa kadi za kugawa. Nia yao ilikuwa kueleza imani, sina shaka, lakini hebu jiweke mahali pa mtoto wa miaka 15 anayepewa kadi na mwenzake wa kwaya kumwambia kwamba yeye amekosea tangu moyoni.

Warren Throckmorton, mwalimu wa saikolojia katika chuo cha Kikristo cha Grove City, Pennsylvania, aliliona hilo. Mwaka 2008 akawaomba wanafunzi Wakristo wafanye kitu kingine siku ileile: wabebe ahadi fupi ya kuwatendea wenzao vile wanavyotaka kutendewa, kama Yesu alivyofundisha katika Mathayo 7:12. Hakuwataka wabadili fundisho la ndoa. Wapo waliomkosoa. Nafikiri ndiye aliyeelewa zaidi jambo lenyewe lilikuwa nini, kwani walokole walewale walikumbuka vizuri jinsi walivyofukuzwa na Biblia zao miaka ya themanini. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Hakuwa peke yake. Machi 2006 chama cha walimu Wakristo na GLSEN ya Jennings walikuwa wameunga mkono mwongozo mmoja, ulioandaliwa na Charles Haynes wa kituo cha kutetea uhuru wa maoni, kuhusu jinsi shule zinavyoweza kuzipatanisha pande mbili bila upande wowote kulazimishwa kuacha imani yake. Magazeti hayakuushughulikia sana. Maelewano hayauzi gazeti.

Msimu wa 2010 Marekani ilitikiswa na habari za vijana waliojiua baada ya kuonewa. Oktoba mwaka huo Exodus, mtandao wa Kikristo uliodai kuwasaidia watu kuacha ushoga na ambao ndio kwanza ulikuwa umeipokea Siku ya Ukweli, ukaiacha. Kiongozi wake, Alan Chambers, alisema watoto wanahitaji kufundishwa uvumilivu na neema. Juni 2013 aliomba radhi hadharani na Exodus ikafungwa, baada ya miaka 37. Shirika la Focus on the Family nalo lilikuwa limeichukua Siku ya Ukweli baada ya Exodus kuiacha na kuiita Siku ya Mazungumzo, huku likionya kwamba kampeni za kuzuia uonevu zinatumika kupenyeza mafundisho ya ushoga. Novemba 2011 Seneti ya Michigan ilipitisha muswada wa kuzuia uonevu wenye kifungu cha kumwachia anayesema kwa imani ya dini au maadili. Waliopinga walipozidi, wakiwemo Wakristo waliouliza ni imani gani inayoomba ruhusa ya kuonea, kifungu kikaondolewa.

Yote haya ni ya shule za serikali. Shule binafsi za Kikristo haziguswi na sheria ya 1984, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya California ilikubali kwamba shule moja ya Kilutheri ilikuwa na haki ya kuwafukuza wasichana wawili iliyowashuku kuwa wapenzi.

Siku hizi ugomvi uko kwenye vitabu. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu, majaji sita kwa watatu, iliwapa wazazi wa Montgomery County, Maryland, Waislamu pamoja na Wakristo, haki ya kuwatoa watoto wao darasani zinaposomwa hadithi zenye wahusika mashoga. Upande ulioshinda ulifurahi kama walivyofurahi wenzao mwaka 1990. Sheria ya Hatfield haikuguswa. Mkuu wa sekondari ya serikali anayetaka kuifuta klabu ya wanafunzi mashoga kwa sababu ya yale wanayoyazungumza, mpaka leo, hana budi kuifuta na ile ya Biblia.