Mafuvu, Majina na Damu: Historia ya Utafiti Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Kwenye miamba ya Ziwa Nyasa anaishi samaki mdogo mwenye pua nene iliyofunika mdomo, anayekula mwani kwa kuukwangua juu ya mawe. Wataalamu wanamwita *Labeotropheus fuelleborni*. Katika misitu ya milima iliyo juu ya ziwa kuna pia ndege mweusi anayeitwa *Laniarius fuelleborni*. Wote wawili wamebeba jina la mtu mmoja, Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni la Ujerumani. Kati ya 1898 na 1900 daktari huyo alizunguka nchi ya kaskazini mwa ziwa na milima ya Ukinga katika msafara wa kisayansi uliogharimiwa na mfuko wa Berlin. Wakati huo misheni ya Moravian ilikuwa changa kabisa katika nchi hii ya Wanyakyusa, pamoja na kituo chake cha Ipyana. Makao ya serikali yalikuwa Langenburg ya zamani, ufukweni. Hapo ndipo Walter Goetze, mtaalamu wa mimea wa msafara huo, alipofariki Desemba 1899. Naye aliachiwa kumbukumbu, kwani ipo mimea kadhaa inayoitwa *goetzei* hadi leo. Wapagazi waliobeba mitungi ya samaki na mafurushi ya mimea hawakuachiwa hata jani.

Hilo la majina lingeweza kusameheka. Zito zaidi ni kwamba Fülleborn hakukusanya samaki na ndege peke yake. Aliwapima watu walio hai, vichwa, pua na kimo, akawapiga picha, na mwaka 1902 akachapisha kazi yake juu ya maumbile ya watu wa Nyasa ya Kaskazini. Pamoja na vipimo hivyo alipeleka Berlin mafuvu ya binadamu.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba zama zile maadili ya utafiti yalikuwa hayajazaliwa. Utetezi huo si wa kweli. Sheria ya jinai ya Ujerumani ya mwaka 1871 ilikuwa tayari inamwadhibu mtu aliyevunja kaburi au kuchukua maiti. Tena Desemba 1900, msafara ule ukiwa umekwisha rudi, waziri wa Prussia aliyesimamia masuala ya tiba alitoa agizo kwa hospitali na kliniki: mtu asifanyiwe jambo lisilo la kumtibu mpaka aelezwe madhara yake na akubali mwenyewe, na watoto wasiguswe kabisa. Agizo hilo lilitoka baada ya kashfa ya profesa Albert Neisser, aliyewadunga wanawake maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaambia. Kwa hiyo ridhaa ilijulikana, na heshima ya kaburi ilijulikana. Ila wenye elimu hiyo waliamua kwamba haimhusu Mnyakyusa wala Mkinga. Miaka michache baadaye, 1906 hadi 1907, daktari Mjerumani Robert Koch aliwapa wagonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese, Uganda, dawa ya atoksili kwa dozi kubwa, na baadhi yao wakapofuka. Huyo alikuwa na Tuzo ya Nobel mkononi.

Mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani bado yako Berlin. Taasisi inayoyatunza ilichunguza zaidi ya 1,100 na kutoa matokeo mwaka 2023. Mengi yalitoka Rwanda, na takriban 200 yalitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Vinasaba vya mafuvu matatu vililingana na vya watu walio hai nchini kwetu. Anayetaka kujua uzito wa jambo hili kwa watu wa wilaya za Kyela na Rungwe asome vitabu vya mwanaanthropolojia Monica Wilson aone jinsi mazishi ya Wanyakyusa yalivyokuwa kazi ya ukoo mzima, yenye hatua nyingi, na jinsi wafiwa walivyoogopa matokeo ya kuruka hatua hata moja.

Monica Wilson na mumewe Godfrey ndio sura ya pili ya historia hii, na wao ni watu wa aina nyingine. Walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Walijifunza lugha, waliishi vijijini, wakasikiliza kuliko walivyopima. Godfrey alifariki mwaka 1944 kabla hajaandika kitabu kikubwa juu ya Wanyakyusa. Monica akayachukua madaftari ya wote wawili, akatoa *Good Company* mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika, kisha vitabu viwili vya matambiko mwaka 1957 na 1959. Bila vitabu hivyo tungejua machache sana juu ya vijiji ambavyo vijana wa rika moja walijijengea na kuishi pamoja maisha yao yote.

Lakini tuangalie kazi yenyewe ilivyofanyika. Kulikuwa na karani, Leonard Mwaisumo, kijana wa Kinyakyusa aliyezaliwa mwaka 1910. Alitafsiri, alihoji watu, aliandika maelezo marefu kwa Kinyakyusa, na alieleza maana ya yale ambayo mgeni aliyasikia bila kuyaelewa. Alifariki mwaka 1938, mwaka ule ule utafiti ulipokwisha, akiwa hajafika hata miaka thelathini. Leo, kwa kanuni zinazotumika katika majarida ya sayansi, mtu aliyekusanya data, akashiriki kuifasiri na kuandika sehemu yake, ana haki ya kudai nafasi kati ya waandishi. Mwaisumo alishukuriwa, basi. Ilibidi tungoje hadi mwaka 2013 ndipo kitabu kimoja, kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, kilipompa sura yake mwenyewe. Mmoja wa walioiandika sura hiyo alikuwa Mtanzania.

Swali jingine linamhusu Kasitile, mganga wa mvua, aliyewafungulia akina Wilson mambo ya matambiko ambayo hayakuwa ya kila sikio. Yamechapishwa kwa jina lake, pamoja na magomvi ya ndugu zake. Sidhani kama Monica alikusudia ubaya, kwani maandishi yake yanaonyesha anamheshimu mzee yule. Hata hivyo, mtu anaweza kumwambia rafiki siri ya ukoo pasipo kufikiri kwamba wajukuu watakuja kuisoma maktabani. Mwanafunzi wa leo anayehoji wazee anatakiwa kuuliza mapema: jina lako nilitaje, au nilifiche?

Miaka 60 baada ya akina Wilson, watafiti walirudi wakiwa na sindano. Mpango wa utafiti wa tiba wa Mbeya ulianza miaka ya 1990, ukiwa ushirikiano wa Watanzania na wenzao wa nje, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Munich. Kati ya 2006 na 2011 mpango huo ulifuatilia afya ya maelfu ya watu katika maeneo tisa, na Kyela lilikuwa mojawapo. Walichukua damu kuchunguza VVU na maradhi mengine, nyingine wakaihifadhi kwenye majokofu. Kyela ni bonde la mpunga na mafuriko, mbu ni wengi, na matende na mabusha vimewatesa watu kwa muda mrefu. Baadaye damu ile iliyohifadhiwa ilipimwa kuona nani alikuwa na minyoo ya ugonjwa huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la *The Lancet*: wenye minyoo hiyo walipata VVU kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasio nayo. Kwa mara ya kwanza dhana iliyokuwepo muda mrefu ikapata ushahidi wa namna hiyo, na ushahidi umetoka Kyela. Kwenye orodha ya waandishi, majina ya Watanzania yako pamoja na ya Wajerumani. Ukitoka kwa Fülleborn mpaka hapo, umetembea safari ndefu.

Na utafiti wa aina hiyo ndio unaodai uangalifu zaidi. Damu iliyotolewa leo kwa swali moja inaweza kesho kujibu swali jingine, kwa hiyo fomu ya ridhaa lazima imuulize mtu waziwazi kama anakubali ihifadhiwe na itumike tena, au isafirishwe nje. Sheria za kumlinda tunazo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979 na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti wa afya haupaswi kuanza bila idhini ya kamati ya maadili, na mtafiti mgeni lazima apate kibali. Dunia nayo ina Kanuni za Nuremberg za 1947 na Azimio la Helsinki la 1964.

Lakini kamati haiketi na mwanafunzi chini ya mwembe saa nane mchana, madodoso 20 yamebaki na jua ni kali. Hapo yuko peke yake, na kishawishi cha kupika data ni kikubwa. Akijaza kaya ambayo hakuifikia, ugawaji wa dawa za minyoo unaweza kupangwa kwa takwimu za uongo, na wenye mabusha wa kweli wakarukwa. Akisoma fomu ya ridhaa mbiombio kwa Kiswahili cha kitabuni kwa bibi anayejua zaidi Kinyakyusa, ile sahihi ya dole gumba haina thamani. Haya nayahesabu kuwa makosa ya uzito ule ule wa kuiba maandishi ya mwingine, ingawa vyuoni yanaadhibiwa mara chache.

Karatasi za Monica na Godfrey Wilson zimetunzwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Ndani yake mna maandishi ya Kinyakyusa ya Mwaisumo. Ninawaomba wasomi wa Mbeya, hasa mnaosomea historia na sayansi ya maktaba, muanzishe mazungumzo na chuo hicho ili nakala zake zifike Kyela, mahali ambapo mwanafunzi wa Ipyana anaweza kuzisoma bila pasipoti. Nanyi mnaoandaa utafiti mwaka huu, wekeni kwenye bajeti nauli ya kurudi kijijini kusoma matokeo mbele ya mkutano wa kijiji, kabla hamjayapeleka kwenye kongamano lolote.