Rejeksi Ndani ya Proksi: Historia ya Kuchuja Intaneti kwa Lugha ya C

Rejeksi ni kanuni fupi ya herufi na alama inayoeleza sura ya maneno mengi kwa mkupuo. Proksi ni programu inayokaa katikati, baina ya kompyuta ya mtumiaji na seva za mbali: hupokea ombi, hulisoma, kisha hulipeleka mbele, hulijibu yenyewe au hulikataa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, vitu hivi viwili vilipokutana ndipo ilipoamuliwa, katika vyuo, ofisi na migahawa mingi ya intaneti ya Afrika Mashariki, nani afungue ukurasa gani na kwa kasi gani. Historia ya makutano hayo haijaandikwa sana kwa Kiswahili, ingawa watu wa pwani wameishi ndani yake.

Asili ya rejeksi si kompyuta. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walieleza kwa hesabu namna seli za neva zinavyoweza kufanya uamuzi. Mwanahisabati Stephen Kleene akaichukua kazi hiyo, na katika makala yake iliyochapishwa 1956 akabuni namna ya kuandika mafungu ya alama yanayoweza kutambuliwa na mashine yenye hali chache zinazohesabika. Nyota yake, inayomaanisha "rudia mara yoyote, hata sifuri", bado ipo kwenye kibodi za mafundi wa leo. Aliyeitoa kanuni hiyo kwenye karatasi na kuifanya chombo cha kazi ni Ken Thompson wa Bell Labs. Makala yake ya 1968 ilionyesha jinsi ya kuigeuza rejeksi kuwa mashine inayosoma maandishi herufi moja baada ya nyingine, ikizifuata njia zote zinazowezekana kwa wakati mmoja, bila kurudi nyuma hata mara moja. Jambo hilo la kutorudi nyuma lilikuja kupuuzwa kwa miaka mingi, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Thompson huyo huyo ndiye mwanzilishi wa mfumo wa Unix pamoja na Dennis Ritchie, na Ritchie ndiye aliyeunda lugha ya C mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo maana rejeksi na C zilikua nyumba moja. Mwaka 1986 Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliandika maktaba ya rejeksi kwa C na kuigawa bure kwa yeyote. Kiwango cha POSIX cha 1992 kikaweka majina ambayo kila fundi wa C anayajua: regcomp huichambua kanuni na kuigeuza muundo ndani ya kumbukumbu, regexec huulinganisha muundo huo na maandishi, regfree huachilia kumbukumbu. Mgawanyo huo ulizifaa proksi sana. Kuchambua kanuni ni kazi nzito, kulinganisha kwa kawaida ni nyepesi. Proksi inapowashwa husoma faili lake la mipangilio na kuita regcomp mara moja kwa kila mstari, kisha siku nzima huita regexec tu, ombi baada ya ombi.

Proksi za wavuti zilianza CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ambako seva ya awali ya wavuti iliongezewa uwezo wa uproksi kufikia 1994. Iliyoenea zaidi ni Squid, iliyotokana na mradi wa utafiti wa Harvest na kuendelezwa na Duane Wessels kuanzia 1996 kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani. Matoleo yake ya mwanzo, hadi la 2, yaliandikwa kwa C. Toleo la 3 lililotoka mwishoni mwa 2007 lilihamia C++. Pembeni yake zilikuwepo Tinyproxy, ndogo kiasi cha kutosha kompyuta kuukuu, na Privoxy, iliyotumia rejeksi kung'oa matangazo ndani ya kurasa. Zote zilikuwa za bure, na kwa taasisi za Kiafrika hilo halikuwa jambo dogo.

Sababu ya kuzihitaji ilikuwa setilaiti. Kabla ya 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkonga wa baharini wa kuiunganisha na dunia. Vyuo na kampuni vilinunua njia ya setilaiti kwa maelfu ya dola kwa mwezi kwa kila megabiti, na megabiti hiyo moja iligawanywa kwa mamia ya watu. Picha moja iliyoombwa na wanafunzi arobaini ilivuka anga mara arobaini isipokuwa proksi iwe imeweka nakala yake. Ujuzi wa kuendesha proksi ulisambazwa na mafundi wenyewe kupitia warsha za AfNOG, kundi la mafundi wa mitandao wa Afrika, zilizoanza 2000, ambazo mwaka 2011 zilifanyika Dar es Salaam.

Katika Squid, rejeksi ilifanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuweka akiba, na mstari wake ulikuwa hivi:

refresh_pattern -i \.(gif|jpg|png)$ 1440 50% 10080

Alama -i huiambia proksi isitofautishe herufi kubwa na ndogo. Mkwaju wa nyuma kabla ya nukta unasema nukta hiyo ni nukta kweli. Bila mkwaju, nukta katika rejeksi humaanisha herufi yoyote. Mabano na vistari vinatoa uchaguzi wa aina tatu za picha, na alama ya dola inadai kwamba anwani iishie hapo. Tarakimu ni dakika: picha isiyotaja muda wake ihesabiwe bado mpya kwa siku moja, na isizidi wiki moja; asilimia iliyo katikati hupima umri wa picha tangu ilipobadilishwa mara ya mwisho. Kwa mstari huo mmoja, chuo kiliweza kuokoa sehemu kubwa ya njia iliyokuwa ikilipiwa kwa dola. Mpangilio wa mistari nao ulikuwa na uzito, kwa kuwa Squid hushika wa kwanza unaolingana na kuiacha yote inayofuata.

Kazi ya pili ilikuwa kukataza:

acl mafaili urlpath_regex -i \.(mp3|avi|exe|iso)$
http_access deny mafaili

Hapa ndipo wanafunzi walipopambana na mafundi. Mstari huo hunasa wimbo unaoishia .mp3, lakini anwani ikiongezewa alama ya kuuliza na herufi yoyote nyuma yake, alama ya dola haioni tena mwisho inaoutafuta na wimbo unapita. Fundi aliyegundua hilo aliandika (\?|$) mahali pa dola peke yake. Wengine walijaribu kuficha herufi kwa asilimia na tarakimu, lakini Squid huzifumbua anwani za namna hiyo kabla ya kuzilinganisha.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa kwamba orodha nyingi za maneno ya kukataza zilitungwa na watu waliofikiria Kiingereza peke yake. Kizuizi cha kamari kilichoandikwa kwa herufi tatu tu, bet, kinanasa pia diabetes. Chukua mfano wa Vitongoji, katika Wilaya ya Chake Chake upande wa mashariki wa Pemba, palipo na hospitali. Kwenye mtandao uliochujwa kwa kanuni hiyo, tabibu wa mahali kama hapo anayetafuta mwongozo wa kisukari angekutana na ukurasa wa kukataliwa, na asingejua kwamba tatizo ni herufi tatu katikati ya jina la ugonjwa. Kiswahili chenyewe kiliumia zaidi. Orodha za maneno ya aibu za Kiingereza zina neno la herufi nne, a-n-a-l, na herufi hizo hutokea kila mara kiambishi cha wakati uliopo -na- kinapofuata nafsi ya tatu na kutangulia shina linaloanza kwa l: analima, analipa, wanalinda. Makala ya kilimo cha mwani yenye anwani inayosema mkulima analipwa vizuri huhesabiwa chafu, na habari za kanali wa jeshi vilevile.

Dawa ilikuwepo, nayo ni kuweka mipaka:

(^|[^a-z])bet([^a-z]|$)

Kanuni hii inadai kwamba kabla na baada ya neno pasiwe na herufi. Diabetes inapona. Lakini kampuni za kamari hupona pia, maana hupenda kulibandika neno hilo mwishoni mwa majina yao. Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu waliacha kutegemea rejeksi kwa majina ya vikoa na wakatumia orodha za majina kamili. Uamuzi huo ulikuwa sahihi hata kwa upande wa kasi. Squid huyapanga majina kamili katika mti, hivyo huhitaji hatua chache tu kulipata moja kati ya maelfu. Rejeksi zililazimika kujaribiwa moja moja tangu ya kwanza. Programu ya squidGuard, iliyoandikwa kwa C na kuunganishwa na Squid, ilipata umaarufu kwa sababu iliyahifadhi majina ya vikoa kwenye hifadhidata na kuiachia rejeksi masalio tu.

Ukosefu wa kasi wa rejeksi ulitokana pia na injini iliyomo ndani. Maktaba ya Spencer ya 1986 haikufuata njia ya Thompson. Ilijaribu njia moja, ikishindwa ikarudi nyuma na kujaribu nyingine. Lugha ya Perl ikaichukua, na mwaka 1997 Philip Hazel wa Cambridge akaandika PCRE kwa C, awali kwa ajili ya programu ya barua pepe ya Exim, ili kuwapa watu wa C uwezo wa rejeksi za Perl. PCRE iliingia karibu kila mahali. Kurudi nyuma huleta uwezo ambao njia ya Thompson haina, kama kukumbuka kipande kilichonaswa na kukidai tena mbele. Lakini kanuni iliyoandikwa vibaya inaweza kuifanya injini ijaribu njia zinazozidiana maradufu kwa kila herufi inayoongezwa. Mwaka 2007 Russ Cox alionyesha mfano ambao Perl ilihitaji zaidi ya sekunde 60 kuumaliza kwa maandishi ya herufi 29, huku njia ya Thompson ikiumaliza kwa mikrosekunde 20.

Onyo hilo lilithibitika mbele ya dunia nzima tarehe 2 Julai 2019. Kampuni ya Cloudflare, ambayo proksi zake husimama mbele ya mamilioni ya tovuti, ilisambaza kanuni mpya moja ya usalama yenye vipande vya .* vilivyofuatana. Vichakataji vya seva zake ulimwenguni kote vilijaa hadi mwisho, na tovuti zilizokuwa nyuma yake zikatoa ukurasa wa hitilafu kwa dakika 27. Kanuni ndefu kidogo kuliko mstari mmoja wa gazeti iliangusha sehemu ya intaneti, kwa sababu injini ilikuwa ya kurudi nyuma.

Pemba iliingia katika historia hii kwa kuchelewa, na kwa njia yake. Hadi 2010 umeme wa kisiwa ulitoka kwenye jenereta za dizeli za Wesha. Mwaka huo ndipo waya wa baharini kutoka Tanga ulipoanza kuleta umeme wa gridi. Seva inayopaswa kukaa macho usiku na mchana haina raha mahali ambapo umeme ni wa mashaka. Kwa hiyo watu wengi wa Vitongoji na vijiji jirani hawakukutana na intaneti kupitia maabara ya kompyuta yenye Squid pembeni. Walikutana nayo kwenye simu ya mkononi. Hata hivyo hawakuikwepa proksi. Opera Mini, iliyotolewa duniani kote Januari 2006, ilipeleka kila ombi kwenye seva za kampuni yake, ambako ukurasa ulibanwa hadi kubaki sehemu ndogo ya uzito wake kabla ya kurudishwa kwenye simu. Mvuvi aliyesoma habari kwa vocha ya bei ndogo alikuwa mtumiaji wa proksi sawa na profesa wa chuo kikuu, ila yake ilikuwa ng'ambo na hakuna mtu wa kisiwani aliyeweza kuigusa mipangilio yake.

Mikonga ndiyo iliyobadili hesabu. SEACOM ilifika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, EASSy ikafuata 2010. Bei ya megabiti ilishuka, na haja ya kuhesabu kila picha ikapungua. Pigo kubwa zaidi lilikuwa usimbaji. Tovuti zilipohamia HTTPS katika muongo uliofuata, proksi ya katikati ilibaki kuona jina la kikoa peke yake. Sehemu ya anwani iliyofuata baada ya mkwaju, pamoja na ile .mp3, ilifungwa ndani ya bahasha isiyofunguka. Mistari ya urlpath_regex iliyotungwa kwa uangalifu ikawa haina cha kusoma, na refresh_pattern haikuwa na picha ya kuhifadhi. Vilivyobaki na nguvu ni vichujio vya majina ya vikoa, na katika baadhi ya taasisi, mpango wa kuifungua bahasha hiyo kwa cheti maalumu, ambao unamwekea mtumiaji hatari ya faragha isiyolingana na faida yake.

Rejeksi haikufa, ilihamia upande wa pili wa waya. Sasa inafanya kazi kwenye proksi zinazosimama mbele ya seva za mwenye tovuti, ambako bahasha hufunguliwa kihalali. Mbili zilizo maarufu zimeandikwa kwa C: HAProxy ya Willy Tarreau, iliyotoka 2001, na nginx ya Igor Sysoev, iliyotolewa kwa umma 2004. Nginx hutafuta kwanza mwanzo wa anwani unaolingana kwa urefu zaidi, kisha hujaribu rejeksi kwa mpangilio zilivyoandikwa kwenye faili. HAProxy huyaweka majina kamili kwenye mti na kuzipitia rejeksi moja moja, na toleo lake la 2.1 la 2019 liliziondoa amri za zamani za reqrep zilizobadilisha vichwa vya maombi kwa rejeksi zikiyatazama kama maandishi ghafi. Fundi anayeandaa tovuti ya huduma kwa wananchi leo, iwe Unguja, Chake Chake au Dodoma, hukutana na uchaguzi ule ule wa enzi za setilaiti: kulinganisha mwanzo wa anwani inapotosha, kutumia orodha ya majina kamili inapowezekana, na kuiweka rejeksi pale tu ambapo sura ya maneno haielezeki kwa njia nyingine.