Neno la wiki: Wastani
Katika ripoti ya shule ya msingi nchini Tanzania, neno “wastani” hufanya kazi mbili. Chini ya alama ni hesabu: jumla ikigawanywa kwa idadi ya masomo. Kando ya daraja C ni sifa: mtoto si mzuri sana, wala si dhaifu. Asili yake ya Kiarabu, yenye maana ya katikati, ndiyo inayoziunganisha maana hizo, na ndiyo inayompotosha mzazi. Aliyepata 90 katika Hisabati na 30 katika Kiswahili ana wastani wa 60, sawasawa na aliyepata 60 kote. Lakini hatuwezi kumwita huyo wa kwanza mtoto wa katikati. Ana kipaji cha kukuzwa na ufa wa kuzibwa.

Yupo atakayesema mzazi mwenye shughuli nyingi anahitaji namba moja tu. Ni kweli, namba hiyo hufaa kulinganisha muhula na muhula. Ila haisemi maji yanavujia wapi. Basi tukifika kwa mwalimu, tusiishie kuuliza wastani ni ngapi. Tuulize ni somo gani limeushusha, na kwa nini.