Kenchi ya Ekseli

Land Cruiser ya utalii ikianza kula tairi za mbele upande wa ndani, kulia na kushoto kwa pamoja, fundi mzoefu hushuku jambo moja kabla ya mengine. Huteremsha timazi kando ya gurudumu. Akiona kwamba sehemu ya juu ya magurudumu yote mawili imelalia ndani, anajua kuwa ekseli imepinda. Baada ya hapo sili za oili zitaanza kuvuja na meno ya shafti yatalika, maana shafti iliyotengenezwa kuzunguka kwenye mstari mnyoofu sasa inazunguka ndani ya bomba lenye kigongo.

Tuelewane kwanza kuhusu hilo neno ekseli, kwa kuwa gereji zetu hukiita kila kitu kwa jina hilo. Shafti ya ndani huzungusha gurudumu. Ganda la nje, ambalo mafundi huliita hausingi, ndilo linalobeba mzigo. Katika magari ya kazi ngumu yenye ekseli nzima ya mbele, kama Land Cruiser za toleo la 70 zinazoundwa tangu 1984, hausingi ni kama daraja fupi: magurudumu yanasukuma juu kwenye ncha zake mbili, springi zinakandamiza chini pembeni kidogo kuelekea katikati. Upande wa chini wa bomba unavutwa, upande wa juu unabanwa. Gari likisimama hakuna shida. Shida huja linapotua kwa kishindo kutoka kwenye tuta, au gurudumu linapogonga gogo kwa kasi, gari likiwa limejaza watu na mizigo.

Wanaolijua jambo hili kwa uchungu ni washiriki wa Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza 1989. Pale mshindi si mwenye mbio. Ni yule atakayefika vituo 13 ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi kuliko wenzake, kwa hiyo dereva hukata porini moja kwa moja, mawe na makorongo yakiwa mbele yake. Kule Johnson Valley, California, kwenye mbio za King of the Hammers zilizoanza 2007, ekseli hupata kipigo hichohicho juu ya miamba. Gari la namna hiyo mara nyingi huwa na muundo wa chuma uliochomelewa juu ya hausingi, kutoka karibu na gurudumu moja hadi karibu na la pili, ili kuizuia isipinde.

Muundo huo tuuiteje? Nimesikia “egemeo la ekseli”, lakini egemeo humpeleka msikilizaji kwenye ile stendi ya kuwekea gari likiinuliwa na jeki. “Mhimili” tayari ni ekseli yenyewe katika vitabu vya shule. “Kiimarishi” si kosa, ila hakisemi kinaimarisha vipi. Hata bamba lililobandikwa ovyo ni kiimarishi. Neno ninalolitetea ni lile ambalo mafundi paa wa Tanzania wanalo midomoni kila siku: kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa. Kenchi ya ekseli.

Linafaa kwa sababu linabeba kanuni yenyewe. Fundi paa hahitaji kufundishwa kwamba ubao wa mbili kwa nne ukilazwa unabonyea, ukisimamishwa unakaza. Tofauti yake ni mara nne, kwa ubao uleule. Tena anajua kwamba mbao nyembamba zilizopangwa kwa pembetatu hubeba paa ambalo gogo zito lisingelibeba. Katika kuzuia kupinda, kimo ndicho chenye kauli kuliko unene.

Tufanye hesabu kwenye bomba la hausingi lenye kipenyo cha nje cha milimita 75 na ukuta wa milimita 6. Ukiongeza ukuta kwa ndani hadi milimita 12, kila mita ya bomba inaongezeka uzito wa kilo 8.4, na ukakamavu unapanda kwa takriban asilimia 57 tu. Sasa liache bomba kama lilivyo. Simamisha juu ya mabega yake mabamba mawili yenye unene wa milimita 4 na kimo cha milimita 100, kisha uyafunike kwa ukanda wa upana wa milimita 80 wenye unene uleule. Umeongeza kilo 8.8 kwa mita, karibu sawa na mwanzo, lakini ukakamavu umekuwa karibu mara nane. Ukitoboa matundu katikati ya kimo cha mabamba, utarudisha sehemu ya uzito huo kwa hasara ndogo.

Wepesi huu si anasa. Ekseli haibebwi na springi. Inaruka na kushuka pamoja na tairi, na kila kilo inayoongezwa hapo hulifanya tairi lichelewe kurudi chini baada ya kuruka.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua chuma cha bei. Chuma imara huchelewa kukatika na kuchelewa kubaki kimepinda, hilo ni kweli. Lakini kwa mzigo uleule na umbo lilelile, chuma ghali na chuma cha kawaida hubonyea karibu sawasawa.

Kimo nacho kina mpaka. Kenchi ya mbele ikizidi itagonga sampu ya injini springi zinapojikunja. Ikiwekwa chini ya hausingi itagonga mawe.

Palipo na hatari kubwa ni kwenye kuchomelea. Mshono ukipoa hujivuta. Ukiwa juu ya hausingi, huvuta ncha zake kwenda juu, yaani uelekeo uleule ambao mzigo ungeipinda. Fundi mwenye haraka anaweza kuipa ekseli ugonjwa aliokuja kuutibu, kabla gari halijatoka gereji. Kwa hiyo difu na shafti hutolewa, hausingi ikafungwa kwenye boriti nzito, na fito nyoofu ikapitishwa kwenye makalio ya beringi ili mpindo wowote uonekane. Halafu huchomelewa vipande vifupi, kimoja huku, kingine kule, na kazi husimama chuma kipoe. Mshono usizungushe bomba kwa duara, maana hapo ndipo ufa huanzia. Ncha za kenchi zishuke kwa mteremko, zisikatike ghafla. Na kama kitovu cha hausingi ni chuma cha kusubu, kama ilivyo kwenye ekseli ya Dana 44 ya Marekani, kinahitaji kupashwa moto kwanza na kuchomelewa kwa vijiti vya nikeli. Vijiti vya kawaida huacha mshono unaoweza kupasuka.

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA na watunzi wa kamusi za ufundi. Lichukueni neno hili toka kwenye paa mlilete gerejini, na mlifundishe pamoja na hesabu yake. Nawe mwenye gari, fundi akikwambia atakuongezea “chuma kinene” kwenye ekseli, muulize kimo chake ni milimita ngapi, na atakifunga kwenye nini wakati wa kuchomelea.