Ubongo huandaa jibu kabla ya swali kuisha

Huko kwetu Lugulu, Kaunti ya Bungoma, kuka wangu (ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita babu) alipata kiharusi. Ukimwamkua "Mulembe", alikawia kuitikia. Nasi tukawa tunamwitikia! Mgeni akiuliza kama amekula, shangazi anadakia: "Amekula." Tulidhani haelewi. Nilipoanza utafiti wa uzamifu kuhusu ubongo na mazungumzo ndipo nilipong'amua tulivyomdhulumu.

Taaluma hii ilianza na wagonjwa kama yeye. Mnamo 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za Leborgne, aliyeelewa mengi ila akatamka "tan" tu. Alipofariki, Broca alikuta kidonda upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele. Mwaka wa 1874, Mjerumani Carl Wernicke akabainisha eneo jingine, nyuma zaidi, linalohusiana na kuelewa. Mnamo 1895, mwaka wa vita vya Chetambe hapo jirani, Mfaransa Albert Pitres akawaangazia wagonjwa wenye lugha zaidi ya moja. Kwa maoni yake, lugha inayotangulia kurejea ni ile mgonjwa aliyoizoea zaidi.

Hata hivyo, mabingwa hao walimchunguza mtu mmoja mmoja. Je, gumzo lenyewe? Mnamo 1974, Sacks, Schegloff na Jefferson walionyesha kuwa kupokezana zamu za kusema kuna kanuni zake. Kisha mwaka wa 2009, Tanya Stivers na wenzake wakalinganisha lugha 10, mojawapo ikiwa ya Namibia. Kwa wastani wa jumla, jibu la swali la ndiyo au la lilikuja baada ya takriban sehemu moja ya tano ya sekunde.

Sasa tupige hesabu. Kutaja tu jina la kitu kilichochorwa huchukua zaidi ya nusu sekunde. Jibu linawezaje kuwahi hivyo? Kumbe ubongo huanza kuliandaa mwenzako angali anasema! Unasikiliza, unabashiri mwisho wa kauli yake na kupanga yako, yote kwa mpigo.

Kiharusi kikiupunguzia ubongo kasi hiyo, jibu huchelewa. Si kwamba halipo. Siku hizi nikimwamkua kuka, nanyamaza. Shangazi naye ameacha kudakia, japo huonekana akijiuma midomo. Kimya kile ni zamu ya mzee, tusimpokonye. Hatimaye sauti hutoka, taratibu: "Mulembe."