Makao ya Siku Kumi na Nne: Sadaka na Wageni kati ya Wayahudi wa London, 1859–1940

Neno sadaka, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, lina ndugu yake katika Kiebrania, nalo ni tsedaka. Shina ni moja, lakini maana hazikukaa mahali pamoja. Kwa Mswahili sadaka ni kitu kitolewacho kwa ajili ya Mungu: chakula cha maskini, fedha ya msikitini au kanisani, hata mnyama achinjwaye. Katika Kiebrania neno hilo halikuachana na maana yake ya asili, yaani haki na uadilifu. Ampaye maskini hamfanyii fadhili. Anamtimizia lililo lake. Mwanachuoni Musa bin Maimun, ambaye Wazungu humwita Maimonides, aliyeishi Misri katika karne ya 12, alizipanga daraja za kutoa zikawa nane. Daraja ya juu kabisa hakumpa atoaye kwa siri wala atoaye kwa wingi, bali yule amshikaye mkono mtu anayekaribia kuanguka, akampa mkopo au kazi, au akafanya shirika naye, ili asije akahitaji kuomba.

Basi mambo hayo mawili, haki ya maskini ya kupewa, na wajibu wa kumzuia asiwe mwombaji, hayapingani kitabuni. Mjini London, katika nusu ya pili ya karne ya 19, yalipingana kwa ukali. Pasipo kuufahamu ugomvi huo ni vigumu kueleza jinsi jumuiya ndogo, kwa mikono ya watu waliofanya kazi bila ya ujira, ilivyoweza kuwapokea wageni wengi kupita kiasi chake.

Wayahudi walifukuzwa Uingereza katika mwaka wa 1290, wakaachiwa kurudi mwaka wa 1656. Kufikia katikati ya karne ya 19 walikuwamo kati yao mabenki na wafanya biashara wakubwa, na chini yao umati wa wachuuzi wa nguo kuukuu na matunda. Kila sinagogi lilisaidia watu wake. Lakini maskini aliyetoka ng'ambo, asiye na sinagogi, alikuwa mzigo ambao kila mmoja alitaka mwenzake aubebe. Katika mwaka wa 1859 masinagogi matatu makubwa ya mjini yaliunganisha fedha zao za kuwasaidia maskini wa namna hiyo, wakaunda Halmashauri ya Walezi wa Maskini wa Kiyahudi. Rais wake wa kwanza alikuwa Ephraim Alex, na aliyeipa nguvu zaidi tangu mwanzo ni katibu wake, Lionel Louis Cohen, ambaye baadaye naye aliushika urais.

Kazi ya Halmashauri hii yastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake yaonekana mafunzo ya Maimonides yakiwa yamevaa joho la Kiingereza la zama za Malkia Victoria. Wajumbe wenyewe, watu wenye shughuli zao mjini, walikaa kwa zamu kuwasikiliza waombaji. Wengine walikwenda majumbani kutazama hali ya kila jamaa: vyumba vingapi, watoto wangapi, kazi gani, kodi kiasi gani. Fedha taslimu ilitolewa kwa uchache. Badala yake mshoni alikopeshwa cherehani, akailipa kidogo kidogo hata ikawa mali yake. Mchuuzi alipewa mkopo usio na riba wa kununulia bidhaa. Mtoto wa kiume alitafutiwa fundi wa kumfundisha kazi. Cherehani hizo zilikuwa jambo geni katika miaka ya 1860, na hapana shaka zilifanya mengi kuliko mikate.

Walakini Halmashauri ilikuwa na upande wake wa pili. Ilikuwa na kanuni kwamba mgeni asiyetimiza miezi 6 nchini asipewe msaada. Kusudi lilikuwa wazi: khabari isienee huko mashariki ya Ulaya kwamba London kuna mfuko unaomngoja kila ajaye. Wajumbe waliwaogopa Waingereza kuliko walivyowaogopa maskini. Uhuru wao wa kiraia ulikuwa bado mchanga. Myahudi wa kwanza kuketi katika Bunge, Lionel de Rothschild, aliketi mwaka wa 1858, mwaka mmoja tu kabla ya Halmashauri kuundwa. Hofu ya namna hiyo haipaswi kudharauliwa, ingawa yule aliyelala njaa kwa ajili yake hakuwa mjumbe wa Halmashauri.

Mnamo Machi 1881 mfalme wa Urusi, Alexander II, aliuawa. Mwezi uliofuata ghasia za kuwashambulia Wayahudi zilianza katika mji wa Elisavetgrad, zikaenea kusini mwa nchi. Sheria za Mei 1882 zikawazuia Wayahudi wasihamie tena mashambani. Ghasia na sheria hizo zilishirikiana na umaskini uliokuwapo tangu zamani kuwang'oa watu, na kutoka hapo hadi 1914 zaidi ya milioni 2 waliuacha upande huo wa Ulaya. Wengi walikwenda Marekani. Waliokaa Uingereza wakadiriwa kuwa kati ya 120,000 na 150,000, lakini waliopita tu, wakishuka meli hii na kungojea ile, walikuwa wengi zaidi. Wakubwa wa jumuiya walichanga; mkutano uliofanyika katika nyumba ya Meya wa London mwaka wa 1882 ulianzisha mfuko uliopata zaidi ya pauni 100,000, na Wakristo wengi walitoa. Wakati huohuo Halmashauri ilitangaza huko mashariki kwamba London hakuna kazi, na katika mwaka wa 1888 Rabi Mkuu, Nathan Marcus Adler, aliwaandikia marabi wa huko wawazuie watu wao wasije. Maelfu waliokwisha kuja walilipiwa nauli ya kurudi kwao.

Ndipo alipotokea mwoka mikate. Jina lake lilikuwa Simon Cohen, lakini watu wa Whitechapel walimwita Simha Becker, kwa kazi yake. Katika nyumba iliyokuwa Church Lane aliwaweka wageni waliofika bila ya pahali pa kulala. Hapakuwa na halmashauri, wala daftari, wala kanuni ya miezi 6. Palikuwa na chumba, na mkate, na lugha ya Kiyidi ambayo wageni waliifahamu. Wayahudi wa mashariki walikuwa na jina la tendo hilo tangu kale, hakhnasat orhim, yaani kuwaingiza wageni nyumbani, na kila mji wao ulikuwa na pahali pake. Mwaka wa 1885 wajumbe wa Halmashauri walikwenda kupatazama, wakaona pachafu na pa hatari kwa afya, pakafungwa. Uchafu ulikuwa wa kweli. Lakini haikuwa siri kwamba sababu nyingine ilikuwa ileile ya zamani: nyumba kama hiyo ingewavuta wageni.

Watu wa Whitechapel walikasirika, wakakutana kupinga. Jambo hili lilikuwa kubwa kuliko nyumba moja, maana kwa mara ya kwanza wahamiaji wenyewe waliwaambia wakubwa wa jumuiya kwamba hawakuielewa tsedaka. Waliosikia ni matajiri watatu: Hermann Landau, aliyezaliwa Poland na kuja Uingereza akiwa kijana, Samuel Montagu, mwenye benki, aliyechaguliwa mwaka huohuo kuwa mbunge wa Whitechapel, na Ellis Franklin. Mnamo Oktoba 1885 walifungua Makao ya Muda ya Maskini wa Kiyahudi, na mwaka uliofuata wakayahamishia Leman Street.

Kanuni za Makao zilikuwa suluhu, na suluhu hiyo yaonekana katika kila kifungu. Mgeni alikaa siku 14, asizidi. Alipata chakula mara mbili kwa siku. Hakupewa fedha. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa Leman Street walikuwa wakarimu zaidi kwa hesabu ya siku, lakini fikira ni ileile, kwamba ukarimu usio na mpaka humfanya mgeni asiwe mgeni wala mwenyeji. Halmashauri haikufurahi. Hata hivyo, Makao yaliposimama na watu wasifurike kwa ajili yake, ilikoma kuyapiga vita.

Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote haikufanyika ndani ya Makao bali kwenye gati. Meli kutoka Hamburg na Rotterdam ziliposhusha watu, wengine waliletwa pwani kwa mashua hadi ngazi za Irongate, karibu na ngome ya Tower, na hapo waliwakuta wapiga mashua wenye kudai nauli wapendayo, na walaghai wenye kujifanya jamaa. Huyu aliuza tiketi ya Marekani isiyofika Marekani. Yule alimpeleka mgeni kwenye nyumba ya kulala ambamo mizigo yake ilizuiliwa hata fedha yake imalizike. Beatrice Potter, aliyeandika juu ya Wayahudi wa mashariki ya London katika uchunguzi mkubwa wa Charles Booth uliochapwa mwaka wa 1889, alikwenda kuyaona hayo. Makao yalipeleka watu wake wanaojua Kiyidi kukutana na kila meli. Kadhalika walipatana na makampuni ya meli juu ya wale waliokuwa wakipita kwenda Afrika ya Kusini, wakawatunza hata siku ya kupanda. Madaftari yao ya miaka ya 1896 hadi 1914, yenye majina zaidi ya 40,000 pamoja na umri, kazi, mji wa kutoka na mji wa kwenda, yamehifadhiwa London, nayo ni hazina ambayo wanahistoria wa Afrika ya Kusini wamekwisha kuichimba.

Wanawake walikuwa na gati lao pia. Tangu mwaka wa 1885 chama kilichoanzishwa na Constance wa ukoo wa Rothschild, aliyeitwa baadaye Lady Battersea, kiliwangoja wasichana wasafirio peke yao, kwa kuwa wafanya biashara ya kuuza wanawake waliwangoja vilevile. Miaka kumi baadaye Alice Model alianzisha chama cha kusaidia nyumba zenye wagonjwa. Fikira yake ilikuwa nyepesi na ya maana: mwanamke aliyejifungua katika chumba kimoja, na watoto wengine watano wamemzunguka, hahitaji mashauri, ahitaji mtu wa kupika na kufua. Basi chama kililipa wanawake wa mtaa huohuo wafanye kazi hiyo, na kina mama waliweka akiba ya peni chache kwa ajili ya siku yao. Hapa msaidizi na msaidiwa walikuwa majirani, jambo ambalo Halmashauri haikuliweza kamwe.

Pahali pa supu napo pasisahauliwe. Palianzishwa mwaka wa 1854, na mwaka wa 1902 pakajengewa nyumba katika Brune Street ambayo mbele yake mwaka umechongwa kwa hesabu mbili, ya Kizungu na ya Kiyahudi, 5662. Israel Zangwill alianza riwaya yake ya Children of the Ghetto, iliyotoka mwaka wa 1892, kwa watu wanaongojea supu. Ni Zangwill huyohuyo ambaye baadaye alilitetea kwa nguvu wazo la kuwapa Wayahudi nchi ya Uasin Gishu, iliyo Kenya sasa, ambayo Serikali ya Uingereza ilijitolea kuitoa mwaka wa 1903. Wenye nchi hawakuulizwa.

Sheria ya Wageni ya 1905 iliwapa maofisa wa bandari uwezo wa kumkataa mtu asiye na njia ya kujipatia maisha. Tangu hapo kazi ya kujitolea iliongezeka tawi jingine, la kusimama mbele ya maofisa na kumwombea mgeni. Otto Schiff, mzaliwa wa Frankfurt aliyekuwa rais wa Makao tangu miaka ya 1920, aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote, na Hitler aliposhika Ujerumani mwaka wa 1933, yeye na viongozi wenzake waliiahidi Serikali kwamba hakuna mkimbizi wa Kiyahudi atakayekuwa mzigo juu ya fedha ya umma. Walidhani watakuja watu 3,000 au 4,000. Ahadi hii mara nyingi imelaumiwa kuwa ya kijinga. Lakini ilifungua mlango ambao pasipo ahadi ungebaki umefungwa, nayo ilitolewa na watu waliolelewa katika hesabu za siku 14.

Baada ya usiku wa Novemba 1938, masinagogi ya Ujerumani yalipochomwa, hesabu hizo zilivunjika. Watoto karibu 10,000 waliletwa bila ya wazazi, kundi la kwanza likifika Harwich tarehe 2 Desemba. Kutoka mwaka wa 1939 kila mtoto alitakiwa dhamana ya pauni 50, na watu wa dini zote waliwachukua majumbani mwao. Vita vilipoanza wakimbizi waliokuwa nchini walipita 50,000, na mifuko ilikuwa mitupu. Katika mwaka wa 1940 Serikali ilikubali kuchukua sehemu ya gharama kutoka hazina ya nchi, jambo ambalo walezi wa mwaka wa 1859 waliliogopa na ambalo mwoka mikate wa Church Lane hakupata kulifikiri.