Siri ya Ukoo

Majina ya sensa ya Marekani ya 1950 yalifunguliwa Aprili 2022. Sheria yao ya 1978 huyafungia miaka 72, wengi wawe wameshakufa. Subira hiyo!

Siku hizi je? Mwaka 2023 kampuni ya 23andMe, inayopima vinasaba na kuwatafutia watu jamaa zao, iliingiliwa. Wezi walifungua akaunti kama 14,000 tu, kwa nywila zilizoibwa kwingine. Humo wakachota habari za jamaa zao, watu karibu milioni 6.9. Ndugu kamfungulia mwizi mlango wa nduguye!

Nami nilitaka kuuweka ukoo wetu kwenye intaneti. Bibi akauliza, "Na yule mtoto wa shangazi yako wa kabla ya ndoa? Mumewe hajui ati." Nikafuta.